Mjadala wa Dhamana ya Nyongeza

Mtu anunuaye pikapu mpya katika mji wa Houston, Texas, hulipia kwanza gari lenyewe, kisha hulipia kodi na leseni, kisha, akiwa ameshachoka kwa mapatano ya mchana mzima na mkono wake umeshazoea kutia sahihi kila aonyeshwapo mstari, huingizwa katika chumba cha mikopo, ambamo karani mwenye adabu nyingi humwekea mbele karatasi moja zaidi, iitwayo dhamana ya nyongeza, na kumwarifu kwamba bei yake ni ya leo tu. Wengi hutia sahihi. Wachache huomba muda, na miongoni mwa wachache hao alikuwamo mtu mmoja mzaliwa wa Taita, ambaye riziki yake ni kutandika vigae katika nyumba za watu, naye aliichukua karatasi ile, mahali pa sahihi pakiwa patupu bado, akaileta mbele ya watu aliowaamini.

Watu hao nitawataja kwa kazi zao. Yuko Fundi, makanika wa magari, mzaliwa wa Bukavu, ambaye Kiswahili chake nimekinyoosha mahali pachache tu, kwa kumwogopa yeye mwenyewe. Yuko Mhasibu, mama wa Kimombasa aliyezeeka katika vitabu vya hesabu za watu wengine. Na yuko Shehe, mtu wa Lamu, ambaye hakuwahi kuendesha pikapu maishani mwake wala hakuona kwamba jambo hilo lamzuia kusema. Karatasi ilidai dola 3,600, nayo iliahidi kulinda gari kwa miaka 7 au maili 100,000, kimojawapo kitakachotangulia, na fedha hizo zilikuwa zitiwe ndani ya mkopo wa gari, wa miezi 72, kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka.

MNUNUZI: Niwaambieni kweli tangu mwanzo, nisije nikaonekana kuwa nimekuja kusikiliza ilhali nimekwisha kata shauri: mimi nataka kununua. Pikapu hii si pambo. Leo niko Katy, kesho Conroe, keshokutwa Galveston, na nyuma nimebeba vigae, saruji na mashine ya kukatia. Ikilala gereji juma moja, hatukosi chakula nyumba moja, bali nyumba tatu, maana nina vijana wawili nifanyao kazi nao. Karani aliniambia kwamba injini za siku hizi hazitengenezwi ila kwa maelfu ya dola, nami sikuona kwamba amesema uongo.

FUNDI: Hakusema uongo, ndugu yangu, na mimi niko upande wako. Watu husema gari jipya haliharibiki. Hao hawajafungua injini mpya. Baadhi ya hizi V8 za Kimarekani hulaza nusu ya silinda zake injini isipobeba mzigo mkubwa, ili zipunguze mafuta, na kazi hiyo hufanywa na tapeti maalumu zinazoamrishwa kwa shinikizo la oili. Tapeti moja ikinasa, utasikia asubuhi, injini ikiwa baridi, tak tak tak, na baada ya dakika mlio unapotea. Mwenye gari anasema, ah, imepona. Haijapona. Kamshafti inaliwa pole pole, na siku tunapomwaga oili ninaipitisha vidoleni namna hii, naona inameta kama rangi ya kucha. Hapo ni kushusha vichwa vya silinda, kubadili tapeti zote na kamshafti yenyewe. Nimeyaona haya gari likiwa na maili 70,000, yaani dhamana ya kiwanda imekwisha juzi tu.

Yafaa nimsimamishe Fundi hapa kwa ajili ya msomaji asiyenunua magari huko. Pikapu mpya itokayo kwa Ford, kwa Chevrolet au kwa Toyota huuzwa Marekani pamoja na dhamana ya kiwanda ambayo imo ndani ya bei: gari zima, kutoka bampa hadi bampa, miaka 3 au maili 36,000, na injini, giaboksi, difu na shafti zake, miaka 5 au maili 60,000. Hii ndiyo dhamana yenyewe. Hiyo nyingine auzayo karani, ingawa huitwa kwa jina hilo hilo, kisheria ni mkataba wa huduma, kitu kinachonunuliwa mbali na kwa bei yake, na sheria ya dhamana ya Marekani ya mwaka 1975 huvitenga viwili hivyo. Karani hana haraka ya kuvitenga.

MHASIBU: Bwana Fundi ametuonyesha hasara inavyoingia katika injini; nami niruhusiwe kuonyesha inavyoingia katika mfuko. Mwanangu, wewe waenda maili ngapi kwa mwaka?

MNUNUZI: Gari la zamani lilikuwa likienda kama maili 25,000, Mama.

MHASIBU: Basi hiyo miaka 7 iliyoandikwa kwa herufi kubwa haikuhusu. Wewe utafika maili 36,000 katika mwezi wa 17 au 18, maili 60,000 kabla ya mwaka wa pili na nusu, na maili 100,000 utakapotimiza miaka 4. Mkataba huu huanza kuhesabiwa siku ile ile litokapo gari dukani, wakati ambapo kiwanda bado chakulinda bure. Huko ni kukodi mwavuli ukiwa ndani ya nyumba. Ukiutoa wakati ulio wa kiwanda, utabakiwa, kwa injini na giaboksi, na maili 40,000, ambazo kwa mwendo wako ni miezi 19. Na malipo je? Dola 3,600 kwa riba hiyo, kwa miezi 72, ni dola 65 kasoro senti kila mwezi, na jumla yake ni 4,672. Dola elfu moja na zaidi ni riba tupu. Na kwa kuwa mkataba utakufa katika mwezi wa 48, utakaa miezi 24 zaidi ukilipia maiti.

Hesabu hii ilimwingia Mnunuzi, maana alichukua kalamu akaiandika upya pembeni mwa karatasi, polepole, kana kwamba tarakimu zingeweza kubadilika mkononi mwake.

FUNDI: Lakini hapo katikati, Mama, toka maili 36,000 hadi 60,000, kuna vitu ambavyo kiwanda kimeviacha: kompresa ya kiyoyozi, skrini ya dashibodi, kamera, kompyuta ndogo ndogo zilizojaa kila mahali. Agosti ya Houston bila kiyoyozi si mchezo. Na skrini ya sasa haitengenezwi, inabadilishwa nzima.

MHASIBU: Sikatai. Nasema tupime. Jarida la Consumer Reports, ambalo halichukui matangazo ya wafanyabiashara, liliwahi kuwauliza wasomaji wake walionunua mikataba ya namna hii, na asilimia 55 walijibu kwamba hawakuitumia hata mara moja. Na wale walioitumia, kwa wastani, walirudishiwa pungufu ya walichotoa.

FUNDI: Na mimi nimelipa bima ya nyumba miaka yote hii na nyumba haijaungua. Nilie?

MHASIBU: Usilie. Nyumba ikiungua, umefilisika. Kwa hiyo yafaa kutoa kidogo kila mwaka ili msiba usikumalize. Giaboksi ikiharibika, umejeruhiwa. Kati ya kujeruhiwa na kufilisika pana mlango, na mlango huo ni akiba. Mwenye akiba ya dola 6,000 hana sababu ya kumlipa mtu mwingine amchukulie hatari ambayo yeye mwenyewe anaiweza, kwa kuwa ndani ya bei ile mna faida ya kampuni, mna mshahara wa wapokea simu, na mna fungu la karani, tena fungu nono. Asiye na akiba, hoja yangu yote humgeukia. Wewe unayo ngapi?

MNUNUZI: Elfu mbili. Na Desemba inakuja.

Hakuna aliyecheka. Mimi naona kwamba swali hili la Mhasibu, ambalo karani hakuuliza wala asingeuliza, ndilo lililokuwa na haki ya kuulizwa mwanzo kabisa, kabla ya kutajwa tapeti au maili. Kwani gari lile lile na karatasi ile ile huwa ni upuzi kwa mtu mmoja na busara kwa jirani yake, na tofauti yao haimo garini.

SHEHE: Mmesema vyote isipokuwa asili. Mtu huyu atatoa fedha yakini, apewe kitu kisicho yakini: huenda akapata ukarabati wa dola elfu kumi, huenda asipate hata parafujo. Hiyo ndiyo gharari, na bei ya gharari imekatazwa. Dhamana ya kiwanda haina taabu, maana muuzaji anathibitisha sifa ya alichokiuza, na imefuatana na bei kama kamba na ndoo. Lakini hii ya kununuliwa mbali wanazuoni wa zama zetu wamehitilafiana, na wengi wameitia katika hukumu ya bima ya biashara, ambayo baraza la kimataifa la fikihi lililokutana Jeddah mwaka 1985 liliikataza, likairuhusu ile ya kusaidiana. Na juu ya gharari, mnaitia katika mkopo, ikaota riba.

MNUNUZI: Mimi Mkristo, Shehe wangu.

SHEHE: Nalijua. Gharari haimuulizi mtu dini. Hujui unachonunua, na anayekuuzia anajua zaidi yako ni magari mangapi yatakayoharibika: je, hiyo ni insafu? Nami sikukuachi mikono mitupu. Hapa mjini mko watu wangapi wa Pwani, wa bara na wa Kongo wenye pikapu za kazi? Tieni mchango, kila mwezi dola 65 hizo hizo, ziwe mali yenu. Atakayepatwa atolewe humo. Asiyepatwa, fedha yake haikuliwa na mtu.

MHASIBU: Wazo zuri, Shehe, nami nimewahi kuuandikia vitabu mfuko wa namna hiyo, sitasema wapi. Penye pikapu mia, naam. Penye pikapu sita, zikiharibika mbili mwezi wa tatu, mfuko mtupu, na wa tatu akija ni ugomvi. Tena nani atakayeamua kwamba gari limeharibika lenyewe, na si mwenyewe aliyeliendesha bila oili?

FUNDI: Mimi nitaamua.

SHEHE: Na gari litatengenezwa wapi?

FUNDI: Kwangu.

SHEHE: Basi tumekwisha pata karani wetu.

Baada ya kicheko hicho Fundi, labda kwa kutaka kujirudishia heshima, aliivuta karatasi, akavaa miwani, akaanza kusoma yale maandishi madogo yaliyo nyuma, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Alieleza kwamba mikataba hii ni ya aina mbili. Aina moja huorodhesha sehemu zilizolindwa, na kisichotajwa hakimo. Aina ya pili huorodhesha zisizolindwa, na kisichotajwa kimo. Hii ya pili ndiyo bora, nayo ndiyo iliyokuwa mbele yao, kwa hiyo alianza kwa kusifu. Breki, tairi, wipa na betri zilikuwa nje, kama ilivyo desturi. Magurudumu makubwa kuliko ya kiwanda, na springi za kuinua gari, zilivunja ahadi. Kisha kidole kilisimama.

FUNDI: Gari hili utaliandikisha kwa jina lako au la kazi?

MNUNUZI: Langu.

FUNDI: Lakini ni la kazi. Hapa pameandikwa kwamba gari litumikalo kwa biashara, kubebea zana au bidhaa kwa malipo, halimo, ila kama umenunua nyongeza ya biashara. Hiyo nyongeza iko? Ukurasa wa kwanza, kisanduku hiki. Hakina alama.

MNUNUZI: Karani aliiona mashine ya vigae nyuma ya gari langu la zamani. Aliniuliza hata bei ya kutandika jiko lake.

MHASIBU: Basi ulikuwa ukinunua kwa dola 4,672 haki ya kukataliwa.

Sijui kama kuna jambo la aibu zaidi katika biashara hii kuliko kisanduku kile. Wenye pikapu wengi wa Texas ni watu wa kazi, mafundi umeme, wachungaji wa ng'ombe, waezeka paa, na kinachowafanya waogope kuharibikiwa ndicho kile kile kinachoweza kuwatoa katika ulinzi. Na kwa kuwa karatasi huandikwa kwa ajili ya mtu aendaye dukani na kurudi, muuzaji asiyeuliza hupata fungu lake leo, na anayekataliwa hukataliwa baada ya miaka, na mtu mwingine, kwa simu, kutoka jimbo jingine.

SHEHE: Na ikiwa kisanduku kina alama, ahadi hutimizwa?

FUNDI: Hutimizwa, mara nyingi. Lakini sikilizeni inavyokwenda, kwa sababu mimi ndiye nasimama katikati. Gari linakuja likigonga. Ninapiga simu. Kampuni inasema, fungua injini tuone. Kufungua ni saa za kazi, na saa hizo mwenye gari ndiye anatia sahihi kwamba atazilipa kama madai yakikataliwa. Ninafungua. Kampuni inatuma mkaguzi, anapiga picha, anaondoka. Halafu wanataka stakabadhi za servisi zote toka mwanzo. Mwaka uliopita alikuja mtu mwangalifu kabisa, alibadili oili mwenyewe nyumbani, kabla ya wakati kila mara. Stakabadhi hana hata moja. Injini yake ilikuwa mezani, vipande vipande, wiki tatu, wanaandikiana. Walimkataa. Alinilipa saa za kufungua, akanilipa na za kufunga.

MNUNUZI: Na wewe bado waniambia ninunue?

FUNDI: Nakwambia ununue na uhifadhi stakabadhi. Siyo kitu kimoja.

MHASIBU: Na utazame jina la anayeahidi, si la anayeuza. Ilikuwapo kampuni ya Missouri, US Fidelis, iliyouza mikataba hii kwa simu na kwa barua za kutisha, ikafilisika mwaka 2010, na ndugu wawili wenye mali wakakiri makosa ya jinai. Na hizo simu zinazokuambia dhamana ya gari lako inakaribia kwisha, hata kama huna gari, zilizidi mno, hata serikali ya Marekani mwaka 2023 ikawatoza faini karibu dola milioni 300 watu wa kundi moja tu, waliopiga simu zaidi ya bilioni 5 katika miezi mitatu. Anayekupigia kwanza, mkatie.

SHEHE: Hata mimi wamenipigia.

MNUNUZI: Lakini kiwanda kikikosea chenyewe? Nimesikia Toyota waliita pikapu zao zirudi.

FUNDI: Hilo halihusiani na karatasi hii, na makarani hulichanganya kwa makusudi. Toyota mwaka 2024 waliita magari kama 102,000, Tundra na ndugu yake Lexus, kwa kuwa uchafu wa chuma ulisahauliwa ndani ya injini kiwandani. General Motors mwaka 2025 waliita karibu 600,000 yenye ile V8 ya lita 6.2. Gari likiitwa kwa namna hiyo linatengenezwa bure, una mkataba au huna.

Walipofika hapa, jambo lililokuwa limesemwa tangu mwanzo kwa pupa, yaani neno la karani kwamba bei ni ya leo tu, lilirudi likachunguzwa, na likaonekana kuwa ndilo dhaifu kuliko yote. Mkataba wa huduma hauzaliwi wala haufi katika chumba kile. Viwanda vyenyewe huuza mikataba yao kupitia kwa mawakala wao, na aghalabu mwenye gari aweza kuununua baadaye, maadamu dhamana ya kiwanda haijaisha. Wala bei haikuandikwa mbinguni, kwani mkataba ule ule wa kiwanda kile kile waweza kuupata kwa wakala wa mji mwingine kwa bei ya chini sana, ukiuliza. Tena Texas, ambako mikataba hii husimamiwa na Idara ya Leseni na Usimamizi ya jimbo, sheria humpa mnunuzi haki ya kuivunja, na akiivunja ndani ya siku 30 bila kudai kitu, hurudishiwa fedha zake zote. Mhasibu aliyaeleza haya kwa utaratibu, na kwa furaha kidogo, ambayo hakuificha.

MHASIBU: Kwa hiyo una miezi 17. Weka dola 65 hizo kila mwezi mahali mkono wako hauzifikii upesi. Ukifika maili 34,000, elfu moja na kitu itakuwapo, juu ya elfu mbili zako. Huenda wakati huo ukawa na akiba ya kutosha, usihitaji mtu.

FUNDI: Huenda. Na huenda akazitumia Desemba. Mimi nawajua watu, Mama, wewe unazijua tarakimu. Akifika maili 34,000 naye hana kitu, anunue, na anunue wa kiwanda, na aulipe taslimu au kwa vipande bila riba.

SHEHE: Riba ikiondoka, nusu ya maneno yangu imeondoka.

FUNDI: Na nusu nyingine?

SHEHE: Hiyo nabaki nayo.

MNUNUZI: Basi karani nitampigia kesho kumwambia kwamba gari nalitaka, karatasi siitaki. Atasema bei imekwisha.

MHASIBU: Mwambie, "Haya."

MNUNUZI: Na nikifika maili hizo, nitawauliza mawakala watatu. Sitaanza kwa bei. Nitaanza kwa kumwambia kila mmoja kwamba nabeba vigae, anionyeshe kisanduku.

FUNDI: Na oili utabadili wapi?

MNUNUZI: Kwako. Uandike stakabadhi.